Damu za Pwani na Damu za Ziwa

Mwaka 1949 kundi dogo la watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford lilikuja Kenya kwa safari ya kisayansi iliyopewa jina la Mlima Kenya. Wengine walikuja kukusanya mimea na wadudu. Anthony Allison, mwanafunzi wa udaktari mwenye umri wa miaka ishirini na kitu, alikuja kukusanya damu. Alizunguka pwani upande wa Mombasa, akapanda nyanda za juu, akateremka tena hadi kandokando ya Ziwa Viktoria, na kila alipofika aliwaomba watu wamruhusu kuwachoma kidole.

Kenya haikuwa nchi ngeni kwake. Alizaliwa East London, Afrika Kusini, mwaka 1925, lakini alikulia Bonde la Ufa, karibu na Gilgil, ambako baba yake, mlowezi, alilima pareto, ua ambalo unga wake huua wadudu, mbu wakiwemo. Alimfahamu Louis Leakey, mchimbaji mashuhuri wa mabaki ya watu wa kale, na kutokana na ukaribu huo akaanza kujiuliza binadamu ametoka wapi na kwa nini watu hutofautiana. Alisoma Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, kisha akaenda Oxford. Kazi ya kupima makundi ya damu alifundishwa na Arthur Mourant, bingwa wa fani hiyo jijini London. Nia yake ya kwanza ilikuwa ile ile ya wanasayansi wengi wa siku zile: kujua, kwa njia ya damu, kabila gani lina undugu na kabila gani. Kipimo cha selimundu, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita siko seli, kilikuwa kimoja tu kati ya vingi alivyobeba.

Chenyewe ni kipimo chepesi. Tone la damu huwekwa juu ya kioo, likachanganywa na kemikali inayoondoa oksijeni, likafunikwa na kuachwa kwa muda. Chembe nyekundu za kawaida hubaki mviringo. Za mtu aliyerithi kinasaba cha selimundu, hata kama amekirithi kwa mzazi mmoja tu na hana dalili yoyote ya ugonjwa, hurefuka na kujipinda zikafanana na mundu.

Majibu aliyoyaona chini ya darubini yalimshangaza. Miongoni mwa watu wa pwani, zaidi ya 20 kwa kila 100 walikuwa na chembe hizo. Vivyo hivyo kwa watu wa ufukwe wa ziwa. Lakini kwa Wakikuyu na Wamasai wa nyanda za juu hakumpata hata mmoja katika mia. Nchi ni moja, na kutoka Nairobi hadi Kisumu ni safari ya reli. Tofauti kubwa kiasi hicho ilitoka wapi?

Ili kuona uzito wa swali hilo inabidi turudi nyuma kidogo. Mwishoni mwa mwaka 1904 kijana mmoja kutoka kisiwa cha Grenada, Walter Clement Noel, aliyekuwa akisomea udaktari wa meno Chicago, alilazwa hospitali. Ernest Irons, daktari aliyekuwa bado katika mafunzo ya vitendo, aliitazama damu yake kwa darubini akaona chembe nyembamba zilizopinda, ambazo hazikuwa katika kitabu chochote. Mkuu wake, James Herrick, alichapisha habari hiyo mwaka 1910. Noel alihitimu, akarudi Grenada kutibu meno ya watu, akafariki mwaka 1916. Ugonjwa ulikuja kupewa jina mwaka 1922, na kwa miaka mingi madaktari wa Marekani waliuona kuwa ni ugonjwa wa watu weusi, ukaishia hapo.

Kisha ukaja mwaka huo huo wa 1949, ambao katika historia ya damu ni mwaka wa mavuno. James Neel wa Marekani na E. A. Beet, daktari katika Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, walionyesha kila mmoja kwa upande wake jinsi ugonjwa unavyorithiwa: anayepata kinasaba kwa mzazi mmoja huwa mbebaji mwenye afya, anayekipata kwa wazazi wote wawili huumwa. Huko California, Linus Pauling na wenzake walipitisha umeme katika himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu, wakakuta himoglobini ya wagonjwa inasafiri kwa kasi tofauti na ya watu wasio na ugonjwa. Kwa wabebaji walikuta aina zote mbili zimechanganyika. Makala yao ndiyo ya kwanza kuuita ugonjwa wowote ugonjwa wa molekuli. Halafu Hermann Lehmann na Alan Raper, waliofanya kazi Uganda, wakachapisha katika jarida la Nature hesabu za wabebaji kabila kwa kabila. Mahali pengine walikuwa wachache mno. Kwa Waamba, chini ya Rwenzori upande wa magharibi, walikaribia nusu ya watu.

Hapa ndipo fumbo lilipokaa. Mtoto aliyezaliwa na vinasaba viwili vya selimundu, katika Afrika ya miaka ile isiyo na dawa wala damu ya kuongezewa, mara nyingi hakufika umri wa kuzaa. Kila mtoto aliyekufa alizikwa na vinasaba viwili. Kwa hesabu hiyo, kinasaba kilipaswa kupungua kizazi hadi kizazi mpaka kitoweke. Lakini kilikuwapo, tena kwa wingi. Ama kilikuwa kinazaliwa upya kwa kasi isiyojulikana popote katika maumbile, ama kulikuwa na kitu kilichokuwa kinakilinda.

Maelezo ya Lehmann na Raper yalifuata njia iliyozoeleka: asili. Walizisoma namba zao kama alama za uhamaji wa makabila, nani Mbantu, nani ametoka kaskazini, nani amechanganyika na nani. Utawala wa kikoloni uliona kabila katika kila jambo, na sayansi iliyolelewa ndani yake ilikuwa na macho hayo hayo. Siwalaumu sana, kwa maana takwimu zao ni za kweli na kazi yao ilikuwa ngumu. Ila walipofika mahali pa kuuliza watu hawa wanaishi wapi, waliuliza ni wa kabila gani.

Allison alikuwa na bahati ya kupima pande mbili ambazo hadithi ya kabila haikuweza kuziunganisha. Wajaluo wa ziwani ni Waniloti. Watu wa pwani ya Kenya wengi husema lugha za Kibantu. Hawana undugu wa karibu, ila damu zao zilikuwa na kiasi kile kile cha selimundu. Mkikuyu, kwa upande mwingine, ni Mbantu kama Mgiriama, lakini damu yake ilikuwa safi kama ya jirani yake Mmasai. Ukiwapanga watu hawa kwa lugha, huelewi kitu. Ukiwapanga kwa nchi wanayoishi, jibu linajitokeza lenyewe: pwani kuna joto, maji yaliyotuama na mbu, ziwani vivyo hivyo, Nyeri na Kiambu kuna baridi, na mbu anayeeneza malaria hakustawi. Ramani ya selimundu ilikuwa ramani ya malaria.

Wazo lililofuata ni la ujasiri. Huenda mbebaji wa kinasaba kimoja hashambuliwi na malaria kama wengine. Ikiwa ni hivyo, basi palipo na malaria kali wabebaji huishi wengi zaidi na kuzaa zaidi, na faida yao hufidia vifo vya watoto waliopata vinasaba viwili. Palipo na baridi hakuna faida, kuna hasara tupu, na kinasaba hufifia. Mwanasayansi J. B. S. Haldane alikwisha kusema jambo linalofanana na hilo kuhusu talasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa watu wa Bahari ya Kati, lakini hakuna aliyekuwa amelithibitisha kwa binadamu. Na Beet, yule daktari wa Rhodesia ya Kaskazini, alikwisha kuandika mwaka 1946, katika jarida la udaktari la Afrika Mashariki, kwamba katika wilaya ya Balovale wabebaji walionekana kuwa na vimelea vya malaria mara chache zaidi kuliko wenzao. Ushahidi ulikuwa umechapishwa, ukakaa kwenye rafu.

Allison hakuweza kuufuatilia papo hapo. Alirudi Oxford kumaliza udaktari wake. Alipopata nafasi ya kuja tena Afrika Mashariki ilikuwa 1953, na Kenya ilikuwa katika hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Vita vya Mau Mau vilikuwa vimepamba moto katika nyanda zile zile za juu alikopima damu miaka minne kabla.

Sehemu ya kwanza ya kazi yake ya safari hii ndiyo inayonisumbua zaidi. Huko Nairobi alipata wanaume 30 wa Kijaluo waliojitolea, 15 wakiwa wabebaji na 15 wasio wabebaji, ambao walikuwa wamekaa kwa muda mbali na maeneo ya malaria. Wote waliambukizwa kwa makusudi Plasmodium falciparum, kimelea kinachosababisha malaria inayoua. Kati ya wale wasio na kinasaba, 14 waliugua. Kati ya wabebaji, ni wawili tu. Waliougua walitibiwa. Matokeo yalikuwa bayana kama mchana, na sayansi iliyapokea. Lakini tukumbuke mahali na wakati: koloni, hali ya hatari, Mwafrika mbele ya daktari Mzungu. Kanuni za Nuremberg juu ya ridhaa ya anayefanyiwa majaribio zilikuwa zimeandikwa mwaka 1947. Azimio la Helsinki lilikuja 1964. Majaribio ya kuwaambukiza watu malaria kwa makusudi yanafanyika hadi leo, hata Bagamoyo, chini ya Taasisi ya Afya Ifakara, na yamesaidia sana utafiti wa chanjo. Ila leo kuna kamati za maadili, kuna karatasi ya ridhaa katika Kiswahili, na anayejitolea anajua anaweza kujitoa saa yoyote. Wale wanaume 30 wa Nairobi wanastahili kutajwa kila inapotajwa kazi ya Allison, kwa kuwa miili yao ndiyo iliyobeba hatari.

Sehemu ya pili aliifanya Uganda, karibu na Kampala, na hii naiona kuwa na nguvu zaidi. Mtu mzima aliyekulia kwenye malaria huwa ameumwa mara nyingi hata mwili wake umejenga kinga, kwa hiyo ukimpima huwezi kujua kama kinachomlinda ni kinasaba au ni mazoea. Malaria huua wadogo, baada ya kinga ya mama kuisha na kabla ya mtoto kujenga yake. Kwa hiyo Allison alipima watoto 290 wa Kiganda, wa kuanzia miezi mitano hadi miaka mitano. Wabebaji walikuwa 43, na 12 kati yao walikutwa na vimelea, yaani asilimia 28 hivi. Wasio wabebaji walikuwa 247, na 113 walikutwa navyo, karibu asilimia 46. Tena watoto wasio na kinasaba, walipokuwa na vimelea, mara nyingi walikuwa navyo kwa wingi zaidi.

Sehemu ya tatu ilikuwa ya miguu na magari. Alipima karibu watu 5,000 wa makabila zaidi ya 30 katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Kila mahali hadithi ilikuwa ile ile. Palipokuwa na malaria mwaka mzima, wabebaji walifika hadi 40 kwa mia. Palipokuwa hakuna, hawakuwapo au walikuwa wachache sana.

Matokeo hayo aliyatoa katika makala tatu mwaka 1954. Ya kwanza, inayojulikana kuliko zote, ilitoka tarehe 6 Februari katika jarida la udaktari la Uingereza, British Medical Journal. Ya pili ilihusu ramani, ya tatu ilihusu hesabu za urithi. Ukizisoma leo unashangaa zilivyo fupi. Hakuna mbwembwe. Kuna majedwali, maelezo ya njia alizotumia, na hitimisho lililosemwa kwa sentensi chache. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa ameonyesha, kwa binadamu walio hai na kwa kinasaba kinachojulikana, uteuzi asilia ukifanya kazi. Wanafunzi wa biolojia duniani kote wanafundishwa mfano huo hadi leo.

Upinzani haukuchelewa. Katika British Medical Journal yenyewe, mwaka huo huo na uliofuata, watafiti wengine walieleza kwamba wamepima na hawakuona tofauti. Nchini Marekani Ernest Beutler na wenzake walifanya jaribio lao kwa watu waliojitolea wakakosa kuona kinga aliyoidai Allison. Wapinzani wengine walikuwa wamepima watu wazima, au walihesabu nani ana kimelea badala ya kuhesabu nani anazidiwa na malaria. Raper mwenyewe, aliyekuwa ameandika juu ya asili na makabila, alirudi kwenye wodi za hospitali ya Mulago, Kampala, kuchunguza suala hilo kwa watoto wagonjwa, akakuta kweli wabebaji ni nadra miongoni mwa waliopatwa na malaria ya kupanda kichwani. Mtafiti anayekubali kurudi kwenye ushahidi wakati jina lake lipo upande wa pili anastahili heshima.

Kuna jedwali moja la Allison ambalo mimi hulirudia kila mara. Lilichapishwa mwaka 1956 na linatoka Musoma, upande wetu wa ziwa. Alipima watoto wachanga 287 na watu wazima 654. Kwa wachanga, 189 walikuwa na himoglobini ya kawaida, 89 walikuwa wabebaji, na tisa walikuwa na ugonjwa wenyewe. Kwa watu wazima, 400 walikuwa wa kawaida, 249 wabebaji, na watano tu wagonjwa.

Soma namba hizo polepole. Wabebaji ni 31 kwa mia walipokuwa wachanga, na ni 38 kwa mia utu uzimani. Hakuna mtu anayegeuka kuwa mbebaji akiwa mkubwa. Sehemu yao imeongezeka kwa sababu wenzao wasio na kinasaba wamepungua, na kilichowapunguza zaidi utotoni ni malaria. Upande wa pili, kwa kiasi cha kinasaba kilichomo katika watu hao 654, kama hakuna aliyekufa tungetarajia wagonjwa wapatao 25. Wapo watano. Jedwali hilo dogo lina makaburi ya aina mbili, ya watoto walioondolewa na malaria na ya walioondolewa na selimundu, na Allison aliweza kuyahesabu yote kwa kupima waliobaki.

Mambo mengine yalijazwa na wengine. Mwaka 1953 watafiti walikuwa wameripoti selimundu kwa wingi Ugiriki, kwa wakulima wa karibu na Ziwa Copais, bwawa kubwa lililokuwa limekaushwa. Hao ni Wazungu, nao walikuwa na kinasaba hicho kwa sababu mababu zao waliishi na mbu. India pia, kwa wakazi wa milima ya Nilgiri, Lehmann aliikuta. Dhana ya ugonjwa wa watu weusi ilikuwa imekwisha, ingawa vichwani mwa wengi iliendelea kuishi. Vernon Ingram, huko Cambridge, alionyesha mwaka 1956 na 1957 kwamba tofauti yote kati ya himoglobini ya kawaida na ya selimundu ni kiungo kimoja: katika nafasi ya sita ya mnyororo mmoja wa protini, asidi ya glutamiki imeondoka, valini imekaa mahali pake. Na mwaka 1978 maabara mbili tofauti zilionyesha kwamba kimelea kilichoingia katika chembe ya mbebaji, oksijeni ikipungua, hushindwa kukua. Zaidi ya hayo, chembe iliyovamiwa hujipinda mapema, na wengu huiondoa pamoja na mvamizi wake.

Lakini ziko wapi habari za wagonjwa wenyewe katika miaka hiyo yote? Hili ndilo linalonifanya niandike. Kwa muda mrefu madaktari wa makoloni waliamini kwamba Afrika ina wabebaji wengi lakini wagonjwa wachache, na wakajadili kwa kina kwa nini ugonjwa ni mkali Marekani na mpole Afrika. Mume na mke, akina Lambotte-Legrand, waliofanya kazi Léopoldville, Kinshasa ya leo, ndio walioeleza kwa uwazi mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwamba hakuna upole wowote. Wagonjwa walikuwapo, ila walikufa wakiwa wadogo, na kifo cha mtoto mwenye homa na upungufu wa damu kiliandikwa malaria au hakikuandikwa kabisa. Jedwali la Musoma lilisema jambo lile lile kwa namba.

Na bado, kwa miongo kadhaa, utafiti uliendelea kumtazama mbebaji, kwa sababu mbebaji ndiye aliyekuwa na siri ya mageuzi na ya malaria. Mtoto mwenye vinasaba viwili, yule anayelia usiku kwa maumivu ya mifupa, anayevimba vidole akiwa na miezi sita, macho ya manjano, alibaki kuwa tarakimu ya mwisho kwenye jedwali. Kulikuwa na watu waliomwangalia. Felix Konotey-Ahulu wa Ghana, ambaye ugonjwa huo umo katika ukoo wake, aliwafuatilia wagonjwa wengi Accra na kuandika kwa undani juu ya hali zao, hata akafuatilia ukoo wake mwenyewe kizazi hadi kizazi mpaka mwaka 1670. Lakini huduma iliyopangwa, yenye kliniki, daftari la wagonjwa na ufuatiliaji, ilichelewa mno kufika katika nchi zilizotoa damu kwa ajili ya makala zile.

Kwa Tanzania mabadiliko makubwa yalianza katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2004, Julie Makani na wenzake walipoanzisha programu ya selimundu iliyounganisha matibabu na utafiti. Makala yao ya mwaka 2011 iliwafuata wagonjwa 1,725. Ilionyesha kwa mara ya kwanza, kwa ufuatiliaji wa muda mrefu katika kundi kubwa la Afrika, ni nani anayekufa na katika umri gani, na ikathibitisha kwamba walio hatarini zaidi ni walio chini ya miaka mitano. Mwaka huo huo Makani alipewa tuzo ya Royal Society Pfizer.

Kundi hilo la Muhimbili lilisaidia pia kuondoa mkanganyiko ambao umekuwa hatari. Watu husikia kwamba selimundu inakinga malaria, wakadhani mgonjwa wa selimundu yuko salama. Kinga ni ya mbebaji. Makala yao ya mwaka 2010 ilieleza kwamba wagonjwa hawakukutwa na vimelea mara nyingi kliniki, lakini waliolazwa wakiwa navyo walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Malaria huvunja chembe ambazo tayari ni chache na dhaifu. Ndiyo maana mtoto mwenye selimundu hupewa dawa ya kuzuia malaria na kulazwa ndani ya chandarua, pamoja na foliki asidi na, kwa wadogo, penisilini ya kila siku ya kuzuia maambukizi ya bakteria.

Pwani ya Kenya, Kilifi, Tom Williams na wenzake walikwenda mbali kuliko alivyoweza kwenda Allison mwenyewe. Makala yao ya mwaka 2005 iliipima kinga ya mbebaji kwa ngazi: karibu nusu dhidi ya malaria ya kawaida, robo tatu dhidi ya kulazwa hospitali kwa malaria, na karibu asilimia 90 dhidi ya malaria kali. Uganda nako, kati ya 2014 na 2015, walitumia matone ya damu kavu yaliyokuwa yamekusanywa kupima Virusi vya Ukimwi kwa watoto wachanga. Walipima sampuli zaidi ya 97,000 na kupata ramani ya nchi nzima, asilimia 13.3 wakiwa wabebaji. Alichokuwa anakitafuta Allison kwa gari na sindano sasa kilipatikana kutoka kwenye karatasi zilizokwisha kuwapo maabara.

Allison hakubaki kwenye selimundu. Aliongoza kwa muda maabara ya kimataifa ya magonjwa ya mifugo jijini Nairobi, kisha akahamia California. Huko, pamoja na mkewe Elsie Eugui, alitengeneza dawa ya mikofenoleti, inayowasaidia waliopandikizwa figo wasikatae kiungo kipya. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1995 na inatumika ulimwenguni kote. Alifariki Februari 2014 akiwa na miaka 88, na hakupata Tuzo ya Nobel, jambo ambalo wanasayansi wengi wameliona kuwa ni upungufu wa tuzo hiyo.

Aliishi kuona mwanzo wa mabadiliko, ingawa makala ninayoiona kuwa muhimu zaidi kwa familia zetu ilitoka miaka mitano baada ya kifo chake. Léon Tshilolo wa Kinshasa na wenzake walichapisha mwaka 2019 matokeo ya kuwapa hydroxyurea watoto wenye selimundu katika vituo vinne: Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale. Dawa hiyo ilikuwa ikitumika Marekani tangu miaka ya 1990, lakini wengi walihofu kwamba huku kwetu ingewadhoofisha watoto wakashindwa na malaria. Ilikuwa kinyume. Watoto 606 walianza matibabu. Vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila miaka 100 ya wagonjwa kufuatiliwa, maumivu yakapungua, haja ya kuongezewa damu ikapungua, na malaria yenyewe ikashuka kwa nusu, kutoka 46.9 hadi 22.9.

Dawa ipo, basi, na imethibitishwa kwa watoto wa huku huku. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeanza hata kuwapandikiza uloto baadhi ya watoto, tiba inayoweza kuuondoa ugonjwa wenyewe. Makadirio ya Frédéric Piel na wenzake, ya mwaka 2013, yanasema watoto wanaozaliwa na selimundu duniani walikuwa zaidi ya 305,000 mwaka 2010 na watapita 400,000 ifikapo 2050, wengi wao Afrika kusini mwa Sahara. Malaria ikipungua, faida ya kinasaba hupungua nayo, lakini kinasaba hakiondoki kwa kizazi kimoja wala viwili. Na watoto ambao zamani wangekufa bila kupimwa sasa wanafika darasani, wanafika ujana, na wanahitaji kliniki iliyo karibu na nyumbani, hydroxyurea ambayo mzazi anaweza kuinunua, na kipimo siku ile ile wanayozaliwa.